Daftari la maombi na daftari la hesabu: tuliyopitia tukitafuta kiwanja cha kanisa Kampala

Ndugu wa makanisa mengine ya Kiswahili hapa Kampala wamekuwa wakinipigia simu kuuliza habari za kiwanja chetu. Wengi wao wamefika pale tulipokuwa sisi mwaka 2022: wamefunga na kuomba, kuna mtu ana ardhi ya kuuza, bei inaonekana nzuri, na Jumapili ijayo jambo linatangazwa. Nimeona niandike yote kwa utulivu, maana kwenye simu mtu husikia nusu. Mimi ni katibu wa kanisa. Si mchungaji wala mwalimu wa Biblia, ila vikao vyote vya jambo hili nilikuwa ndani, nimeshika kalamu.

Tunaabudu upande wa Makindye, katika ukumbi wa kupanga. Wengi wetu tumetoka Uvira, Bukavu, Goma na Bunia. Wapo Warundi, Wakenya na Watanzania wa biashara, na Waganda waliokulia kwenye kambi za jeshi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Uganda imepokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, lakini mkimbizi anayechagua kukaa Kampala badala ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II anajitegemea: posho ya chakula haimfuati mjini, na kodi ya chumba ni juu yake. Kwa hiyo sadaka yetu hutoka kwa mama anayezungusha vitenge mtaani tangu asubuhi, kwa kijana anayeshona nguo Katwe, kwa binti anayesuka nywele. Naomba msomaji akumbuke hilo kila nitakapotaja pesa.

Hamu ya kuwa na kwetu ilizaliwa wakati wa korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais alitangaza kufungwa kwa makanisa, misikiti na shule. Septemba tuliruhusiwa kurudi, watu wasiozidi 70. Juni 2021 tukafungiwa tena hadi Septemba. Muda wote huo kodi ya ukumbi iliendelea kuhesabiwa, na sadaka ilikuwa imekauka kwa sababu hakuna aliyekuwa anauza kitu. Mwenye ukumbi alivumilia kwa kitambo, kisha akatia kufuli, viti na spika zetu zikiwa ndani. Tulizikomboa kwa mafungu. Baada ya hapo kila maombi yetu, ya watoto hata ya wazee, yalimalizikia kwenye kiwanja.

Mwanzoni mwa 2022 tukaingia kwenye mfungo mrefu. Ulikuwa mfungo wa kweli, na sitaki mtu asome habari hii akadhani naudharau. Watu walitubu, ndoa mbili zilizokuwa zimevunjika zilipatanishwa, na vijana waliokuwa wamepoa walirudi. Katika wiki ya mwisho, jirani wa mshirika mmoja alisema ana kibanja cha kuuza upande wa Kyengera, futi 50 kwa 100, shilingi milioni 38. Mchungaji akaenda kukiona, akasimama katikati yake, akaomba, akasikia amani. Jumapili akatangaza madhabahuni: Mungu ametupa kiwanja. Kanisa zima lililipuka kwa vigelegele.

Ninaamini mchungaji alisema kwa moyo safi. Lakini nataka mwone kilichotokea baada ya tangazo lile, maana hapo ndipo penye somo lote. Katika kikao cha Jumanne, mzee mmoja Mganda, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi na wapima ardhi, aliuliza: "Papa Mchungaji, hiyo ardhi ni ya mailo? Mwenye mailo ni nani?" Swali la kawaida kabisa. Shemasi mmoja akamjibu, "Mzee wetu, tusizibe mlango aliofungua Bwana." Mzee akanyamaza. Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba kikao kimekubaliana. Hakuna aliyekuwa amekubali chochote. Watu walikuwa wameacha kuuliza, kwa kuwa kuuliza sasa kulikuwa kama kumpinga Mungu.

Swali la mzee lilikuwa na maana hii, na kila kanisa lenye wageni wengi Uganda linapaswa kulielewa kabla ya kutoa hata shilingi. Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa 1900. Mtu mmoja anaweza kuwa na hati ya mailo, na mwingine akaishi juu ya ardhi hiyohiyo akiwa na kibanja, akimlipa mwenye hati busulu, yaani ada ya ardhi, kila mwaka. Mwenye kibanja ana haki zake kisheria, lakini hawezi kukuuzia haki hizo bila idhini ya mwenye mailo. Ukinunua bila idhini, umenunua ugomvi. Zaidi ya hayo, mtu asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala ya frihodi, yaani ya umiliki usio na kikomo cha muda. Anaweza kupewa lizi tu, yaani kukodishiwa ardhi kwa muda maalum, usiozidi miaka 99. Na chama au kampuni ambayo wenye mamlaka wengi ndani yake si raia inaweza kuhesabiwa kama mgeni vilevile. Sisi tulitaka kuandika kibanja kwa jina la mchungaji, ambaye ni mkimbizi kama mimi.

Tulitoa kianzio cha shilingi milioni 14. Mama mmoja aliuza cherehani yake. Vijana walitoa akiba ya ada ya chuo. Karatasi ya makubaliano iliandikwa kwa mkono, mashahidi wakatia saini, tukapiga picha.

Aprili mvua zikanyesha. Tulipokwenda kufyeka tukakuta sehemu ya chini ya kiwanja, karibu theluthi, imejaa maji, na mafunjo yakiwa yamesimama hadi kwenye mimea ya mpaka. Mchungaji alikuwa amekiona kiwanja Januari, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Kujenga kwenye kinamasi ni marufuku, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, huvunja majengo ya namna hiyo. Bado tukiwa na mshangao huo, akaja kijana na barua ya wakili: mwenye mailo wa zamani alifariki, warithi wameuza hati kwa mtu mwingine, na yule aliyetuuzia hakuwahi kumlipa huyo mpya busulu wala kumwambia kwamba anauza. Vikao kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, vilichukua miezi. Mwishoni tulirudishiwa milioni 5. Milioni 9 zilikwenda.

Pesa ilituuma, lakini jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa watu kusema, "Kumbe Mungu hakusema." Binti mmoja aliyeokoka kwenye mfungo ule aliacha kuja, na nilipomtembelea aliniambia hajui tena aamini sauti ipi. Kanisa likitangaza kwamba Mungu amesema jambo ambalo halijachunguzwa, hasara haiishii kwenye benki. Inamfikia mtu aliyeanza jana kutembea na Bwana.

Baada ya hapo mchungaji alifanya jambo lililotuokoa. Aliwaita wazee wote, akatupeleka Namirembe kwa siku nzima ya maombi, bila ajenda. Kilima kile kina historia yake: ndipo Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipoomba pamoja mwaka 1929, na uamsho wa Walokole, yaani waliookoka, ukaenea Afrika Mashariki. Mchungaji alitukumbusha pia habari za jengo lenyewe. Kanisa kuu lililotangulia hili la sasa liliungua kwa radi mwaka 1910, na hili tunaloliona leo lilikamilika 1919. Akasema, watu wale walikuwa waombaji kuliko sisi, na radi ikapiga. Hawakusema Mungu hayupo, na hawakuacha kujenga. Kisha akamgeukia mzee Mganda mbele ya wote, akamwomba msamaha kwa swali lililozimwa. Mzee alilia. Nasi tukalia.

Tukasoma Nehemia upya, safari hii taratibu. Nilikuwa nimehubiriwa Nehemia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona kwamba maombi yake yalianza na taarifa. Alimuuliza Hanani habari za waliobaki na habari za Yerusalemu, akaambiwa ukuta umebomoka na malango yameteketea, ndipo akaketi akalia, akafunga, akaomba. Aliomba tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne. Na siku mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kwanza moyoni, halafu akatoa jibu kamili: muda wa kuwa safarini, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu mwenye msitu ili apewe miti. Alipofika Yerusalemu aliukagua ukuta usiku na watu wachache, na hakumwambia mtu jambo Mungu alilolitia moyoni mwake mpaka alipokwisha kukagua. Kutangaza kulikuja baadaye. Sisi tuliligeuza jambo hili kichwa chini: tulitangaza, kisha tukaanza kuona.

Sasa nieleze upande wa pili, ambao watu hawaniulizi sana, ingawa nao ulituumiza. Mwaka 2023 tuliunda kamati ya maendeleo. Tulikuwa tumeungua, kwa hiyo tulichagua watu wa hesabu: mwalimu, mhasibu, kijana mmoja aliyesomea ujenzi. Walifanya kazi njema. Kanisa lilisajiliwa ipasavyo likiwa na wadhamini ambao wengi ni raia wa Uganda. Akaunti ya benki ikafunguliwa, watia saini watatu. Hata namba ya simu ya kupokelea sadaka ilibadilishwa, na hapa nisimame kidogo, maana mtego huu umenasa makanisa mengi. Namba ya zamani ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mhazini mwenyewe. Alipokubaliwa kuhamia Kanada kama mkimbizi, aliondoka, na laini ikabaki na sadaka ndani ambayo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuitoa mpaka tulipomaliza taratibu ndefu na za kuchosha. Hakuiba hata senti. Ni kwamba kanisa lilikuwa limekaa ndani ya simu ya mtu mmoja.

Lakini polepole maombi kwenye vikao yakapungua. Tulifungua kwa sala fupi, tukafunga kwa sala fupi, katikati tukazungumza kama kampuni. Mfungo wa mwaka ukasogezwa mbele kwa sababu uligongana na harambee. Wamama wa maombi ya alfajiri ya Jumatano walikuwa wakitumia ukumbi bure. Mtu mmoja kwenye kamati akapendekeza ukodishwe saa hizo kwa shule ya awali ili tupate pesa za ardhi. Pendekezo lilipita. Wamama hawakulalamika. Walihamia sebuleni kwa mmoja wao na kuendelea.

Mpango wa 2025 ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Kamati ilihesabu mapato ya mwezi, ikaongeza ahadi. Katika kanisa kama letu, ahadi kubwa hutoka kwa wakimbizi wanaosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, kama Marekani au Australia. Mtu anasema, "Nikifika tu, nitatuma." Na wengi hutuma kweli, viti tunavyokalia vilinunuliwa na familia iliyo Australia. Basi kamati iliandika ahadi za familia zilizokuwa karibu kusafiri kana kwamba pesa iko njiani.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Tulikuwa na familia zenye tarehe ya ndege mkononi. Walikuwa wameshauza magodoro na majiko, wameshamwambia mwenye nyumba kwamba wanatoka, watoto wameondolewa shule. Simu moja ikafuta yote. Baba mmoja alikuja ukumbini na mizigo yake iliyofungwa kwa kamba, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiweka.

Kamati ilikutana. Karatasi yetu haikuwa na mstari wowote kwa ajili ya jambo kama hilo, na ajenda ya kwanza iliyoandikwa, naomba mnisikie vizuri, ilikuwa "upungufu wa ahadi". Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumezoea kuwaona watu wale ndani ya safu ya mapato.

Hapo ndipo mama kiongozi wa maombi ya alfajiri alipobisha hodi. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, jalada limechakaa, kona zimekunjamana. Alisema, "Wazee, samahani, sijaitwa. Ila kuna watu hawajala." Akafungua akasoma. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la nyumba, na hitaji katika mstari mmoja: kodi ya miezi miwili, mtoto ana homa, wamekwenda kliniki, mume amekata tamaa, aangaliwe kila siku, godoro limeuzwa, wanalala kwenye mkeka. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na alama ya jambo lililojibiwa na jinsi lilivyojibiwa: "Mama wa Nsambya amewapa chumba kimoja." Wale wamama walikuwa wanaombea kila jina, na kwa kuombea walikuwa wanajua. Walijua nani ana nafasi nyumbani, nani ana jiko la ziada, nani asiachwe peke yake usiku.

Nililinganisha lile daftari na kitabu changu cha kumbukumbu. Kitabu changu kilikuwa na tarakimu sahihi hadi shilingi ya mwisho, na hakikujua kwamba mtu wa mstari wa tatu kanisani alikuwa analala kwenye mkeka. Daftari lao lilijua kila nyumba, na halikujua kwamba kanisa lilikuwa na shilingi milioni 6 benki zinazoweza kutumika. Watu wawili waliokuwa wakiandika madaftari hayo, mimi na yule mama, hatukuwahi kukaa meza moja. Kwa mawazo yangu, ugonjwa wa makanisa yetu uko hapo. Tunabishana kama tuombe zaidi au tupange zaidi, wakati waombaji wamewekwa chumba kimoja na wapangaji chumba kingine.

Siku ileile ilipendekezwa milioni 2 zitolewe kwenye mfuko wa ardhi kwa ajili ya kodi za familia tatu. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema sadaka iliyotolewa kwa ardhi haiwezi kuguswa, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana tulikwenda Jumapili tukaliambia kanisa waziwazi na kuomba ruhusa, badala ya kuhamisha kimyakimya. Kanisa likakubali kwa sauti moja, na wiki hiyo watu wakaleta sufuria, mashuka na sare za shule bila kuombwa.

Tangu hapo tumebadilisha namna ya kukaa, na hili ndilo ningependa ndugu walichukue. Kikao cha mwezi huanza na daftari la maombi. Mama kiongozi au mwenzake analisoma, kisha mhazini anasoma hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichopo. Baada ya hizo mbili ndipo tunaomba, na tunaomba kwa muda wa kutosha, tukitaja majina na tarakimu tulizosikia. Maombi yanakuwa na uzito mwingine kabisa ukijua unachokiomba. Kisha kila mzee anasema anachokiona, kuanzia mdogo kwa umri hadi mchungaji, ambaye husema mwisho. Tulipanga hivyo baada ya kuona kwamba mchungaji akisema kwanza, wengine wote huitikia amina.

Mtu akisema amesikia kutoka kwa Bwana, tunampa heshima, tunaandika, halafu tunapima. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Kwa hiyo kupima si kukosa imani, ni agizo. Kwa mambo ya ardhi, mkopo na ujenzi tuna kanuni moja isiyovunjwa: hakuna kutangaza madhabahuni kabla watu wawili hawajakwenda kuona na kuleta taarifa ya maandishi. Kanisa linaweza kuambiwa, "Tunaombea jambo fulani, ombeni nasi." Hilo halimfungi mtu yeyote mdomo.

Na upande wa mipango, tunaacha nafasi ya kusimamishwa. Paulo na Sila walikuwa na njia waliyoikusudia, Asia kisha Bithinia, na Roho akawazuia mara mbili kabla ya maono ya Makedonia. Mpango wao haukuwa dhambi. Ila ulishikwa na mikono iliyo wazi. Mwaka jana tulipanga mkutano wa injili wa nje, kila kitu tayari, kibali kimeombwa, vijana wamefanya mazoezi ya kwaya. Katika kusoma daftari ikaonekana kwamba wiki hiyohiyo nyumba nne zilikuwa na msiba au mgonjwa mahututi. Tulikaa kimya, tukaomba, tukaahirisha. Tulipoteza kianzio cha jukwaa na vyombo. Sijutii.

Maombi yenyewe pia yanahitaji kupangwa, na hili tulijifunza kwa hofu. Katika ule mfungo wa 2022 mama anayetumia dawa za kisukari alianguka, kwa sababu hakuna aliyesema kwamba watu wa namna yake wasifunge bila chakula. Siku hizi kabla ya mfungo tunatangaza wazi: mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kila siku, mjamzito na anayenyonyesha, aombe pamoja nasi huku akila. Hatumwachi mtu aone aibu. Siku ya kumaliza kuna uji mwepesi kwanza, wali baadaye. Kwenye kesha, wamama hawaondoki saa kumi alfajiri kutafuta bodaboda mmojammoja. Wanakaa hadi kupambazuke, na chai ipo. Spika tunazizima saa nne usiku. Mwenyekiti wa LC1 alikuwa ameshaletewa malalamiko na majirani, na Uganda ina kanuni za kelele tangu 2003, zinazosimamiwa na NEMA. Tulimfuata sisi wenyewe kabla hajatuita, tukamwambia ratiba ya mwaka mzima. Leo ndiye anayetutetea. Kesha bila spika nalo lina baraka yake: watu wanasikilizana.

Kwa wale walio mbioni kununua ardhi, nawaomba jambo hili. Nendeni kiwanjani wakati wa mvua, Aprili au Novemba, hata kama mmekwisha kukiona Januari. Ongeeni na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwapo. Ulizeni wanavyojua mpaka na nani hukusanya busulu. Fanyeni upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya eneo hilo ili mwone jina la mwenyewe na kama kuna zuio. Kutaneni na mwenye mailo ana kwa ana, idhini yake iwe ya maandishi. Tafuteni wakili wa kazi hiyo kabla ya kutoa kianzio, msingoje hadi ugomvi uanze. Ada ya wakili tuliyoiona kubwa ilikuwa ndogo sana kando ya milioni 9. Hakikisheni jina litakaloandikwa linaruhusiwa na sheria. Na msihesabu ahadi za mtu anayesubiri ndege. Mwombeeni asafiri salama, lakini bajeti yenu isimame juu ya kilichokwisha kuingia ndani ya miezi sita iliyopita.

Ukumbi wa alfajiri ya Jumatano umerudishwa kwa wamama. Shule ya awali ilitafutiwa chumba kingine, na mapato ya mfuko wa ardhi yamepungua kwa sababu hiyo, tumelikubali. Kwa sasa tunazungumza na familia moja kuhusu lizi ya kipande cha ardhi kilicho juu ya mteremko. Wawili wetu wamekwenda kukiona mvua ikinyesha, wakaandika kurasa tatu. Upekuzi unaonyesha hati ni safi, lakini mmoja wa warithi hajatia saini, na wakili amesema tusitoe kitu mpaka atie. Hilo nalo limeandikwa kwenye daftari la kurasa 96, kati ya homa ya mtoto na kodi ya Mama wa mapacha, na kamati itakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, daftari likisomwa kwanza.